Magogo ya Msonobari

Kwenye basi dogo la kutoka Kars, mashariki mwa Uturuki, mama mmoja mbele yangu alikuwa amefura, na kisa ni tamthilia ya jana. "Yatima wawili, kijijini, theluji hadi dirishani, halafu wanakoka moto wa magogo ya msonobari! Maskini gani hao? Sisi tulichoma mavi ya ng'ombe."

"Si mchezo tu, dada?" alisema mzee wa kofia pembeni yake, ambaye hata hawajuani. "Mimi nimelia mpaka leso ikalowa."

"Basi umelilia magogo! Yale mavi kuna mtu aliyakanda kwa mikono, akayabandika ukutani yakauke. Kwetu ni dada yangu Döndü. Aliacha shule ili mimi nisome."

"Sasa hayo wayaonyeshe watu wakiwa wanakula?"

"Wayaonyeshe! Waonyeshe na mdogo mtu anavyoulizwa shuleni, yule aliyekuleta, anayenuka mavi, ni nani, naye anajibu ni mtumishi wetu. Mimi huyo!"

Mzee akavua kofia, akaivaa tena. Mimi nikajifanya naangalia theluji nje, na ilikuwa mwezi wa saba, jua kali.

"Nishushe hapa kwa dada," mama akamwambia dereva, basi likasimama. Mama akateremka kwenye nyumba yenye ukuta uliobandikwa mavi, kila bonge na alama ya kiganja. Akafika mlangoni, akainua mkono, asibishe hodi.