Bwana Garama Mwero na Njia ya Miguu ya Ukunda

Baada ya miaka ishirini na mitano katika idara ya barabara ya halmashauri yetu, Bwana Garama Mwero anastaafu tarehe 31 Desemba 1973. Aliajiriwa mwaka 1948 kufyeka majani kando ya barabara ya Msambweni. Anaondoka akiwa msimamizi mkuu. Amechimba mitaro hadi Vanga, na amekwama matopeni na lori lake mara nyingi kuliko anavyopenda ikumbukwe.

Lakini kazi tutakayomkumbukia ni njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, itokayo soko la Ukunda kuelekea mahoteli ya Diani. Malori ya mchanga yalikuwa yakiwagonga wafanyakazi alfajiri. Ndipo halmashauri ikatenga fedha za umma: nusu itolewe mwanzoni, na nusu nyingine itolewe baadaye, watu wakionekana kuitumia njia. Bwana Garama alitaka ifike mbali, basi akaijenga nyembamba.

Alisahau salamu. Kwetu mtu hamwamkii mzee akiwa juu ya baiskeli. Hushuka, akatoa shikamoo yake, akauliza hali za watu wa nyumbani, mmoja baada ya mwingine. Nyuma yake foleni. Bi Mwanatumu, muuza samaki, alimkuta Bwana Garama akipima, akamfokea mbele ya vibarua: "Garama mwanangu, njia hii ni ya watu au ya siafu? Mpaka huyu amalize kuuliza habari za mbuzi, samaki wangu wameoza!"

"Shikamoo, mama."

"Ala! Usianze na wewe!"

Vibarua walicheka, ila kina mama walirudi barabarani kupishana na malori. Baadhi ya madiwani wakataka fedha zilizosalia zijenge maegesho ya magari. Bwana Garama alisimama kikaoni akasema kosa ni lake, si la waendao. Akaomba fedha hizo zipanue kipande kilichopo, hata kama njia ingeishia katikati ya safari. Kwa mtu aliyetamani kuifikisha ufuoni, halikuwa ombi jepesi. Lilipita kwa tofauti ya kura moja tu.

Sasa wawili huamkiana na wa tatu akapita. Kina mama wamerudi njiani, na baiskeli zimeongezeka. Mwandishi wa wasifu huu, karani wa zamani ambaye tabibu hampi muda mrefu, anakiri jambo kabla hajaitwa na Mola wake: mara nyingi alimwomba dereva wa ofisi amshushe sokoni, akisingizia shughuli. Hakuwa na shughuli yoyote. Alipenda tu kutembea katika njia ya Garama.

Mwezi uliopita halmashauri iliidhinisha fedha za kipande kilichobaki, kwa upana uleule, hadi mahotelini. Msimamizi atakuwa mwingine.

Ahsante, Bwana Garama, kwa kukubali njia fupi ili watu wafike salama. Tunakuombea afya, wewe na mkeo, Bi Mbodze, na Mungu akupe umri wa kuufikia ufuo kwa baiskeli yako mwenyewe.