Bi. Selina Chelangat, Aliyewaweka Mahasimu Katika Kundi Moja

Tarehe 31 Julai 1998, Bi. Selina Chelangat atastaafu kutoka Shirika la Filamu la Mlimani, hapa Kitale, baada ya kulitumikia kwa miaka ishirini na sita. Aliingia akiwa msomaji wa maelezo ya filamu za kilimo na anatoka akiwa mwongozaji mkuu. Ameniomba mimi, Ndung'u wa kitengo cha sauti, nisimsifu kupita kiasi katika wasifu huu. Nimemjibu kwa heshima kwamba nimesikia. Sasa nitaandika ninavyotaka, kwa kuwa kuanzia mwezi ujao hatakuwa mkubwa wangu.

Alizaliwa Endebess, akasomea ualimu, akafundisha kwa muda mfupi kabla ya shirika kuisikia sauti yake na kuitamani. Miaka ya sabini ndiye aliyewaeleza wakulima wa Trans-Nzoia habari za josho na namna ya kuanika mahindi. Filamu ya kwanza aliyoiongoza mwenyewe ilihusu ukamuaji wa maziwa. Mwenye ng'ombe, Mzee Cheruiyot, alikataa katakata kupigwa picha akiwa na nguo za kazi. Akavaa suti na tai, akakaa kwenye kigoda, akakamua. Wakubwa walitaka picha zile zitupwe. Bi. Chelangat akasema mzee akija kuangalia filamu yake asijikute amekuwa mtu mwingine. Filamu ilionyeshwa hivyo hivyo, na huko Bumula watu waliomba irudiwe.

Lakini kazi tutakayomkumbukia zaidi ilianza mwaka 1986, siku aliponiwekea kitabu mezani.

"Soma," alisema. "Halafu uniambie kama tutaendelea na josho peke yake."

Kilikuwa riwaya ya Mwalimu Zachary Mukhwana wa Kabuchai, *Tulipokuwa Wengi*. Kinahusu mji mmoja mdogo wenye makundi mawili ya vijana, kundi la Reli na kundi la Soko. Wanjala, mvulana wa miaka kumi na minne, anajiunga na Reli kwa sababu amechoka kupigwa akiwa peke yake. Anajifunza kuvuta sigara, kupenda, kudanganya na kupigana. Katika kurasa za mwisho anauawa kwa jiwe, katika vita ambavyo hakuna anayekumbuka vilianzaje.

Tulimkuta Mwalimu Zachary shambani akipalilia. Hakuacha jembe.

"Watu wa sinema nawajua," alisema. "Mtaleta watu wazima walionyoa ndevu, muwavishe miwani myeusi, waseme wako darasa la nane. Watu wangu watachekwa."

"Sitaleta waigizaji, Mwalimu. Nitaleta vijana wenyewe."

"Vijana gani?"

"Wa Kitale na wa Bungoma. Wale wanaopigana."

Hapo jembe likasimama. "Mama, hao watauana kweli."

"Kwani sasa wanafanya nini?" akauliza Bi. Chelangat.

Mwalimu aliufahamu ugomvi huo kama tulivyoufahamu sote. Mwaka uliotangulia, timu ya vijana wa Kitale ilikwenda Bungoma kucheza mpira, na baada ya mechi mawe yakaruka. Kipsang, winga wa Kitale aliyekuwa na miaka kumi na saba, alipigwa jiwe la goti. Hakucheza tena, na hata kutembea kwake kukawa kwa shida. Aliyerusha jiwe hakujulikana. Tangu hapo kijana wa Kitale hakupita Bungoma peke yake, wala wa Bungoma hakuthubutu kuzurura Kitale.

Mwalimu alikubali kwa sharti moja: awepo wakati wote wa kazi, na lisibadilishwe jambo bila yeye.

Kupata mswada, kibali na fedha kulichukua miaka miwili. Bi. Chelangat mwenyewe ndiye aliyezunguka kuwatafuta vijana, tena mchana kweupe, akianza na wazazi. Hapa Kitale alimpata Kimeli, mdogo wake Kipsang, kijana mwenye uso ambao kamera ingeupenda. Bungoma alimpata Abdi, mtoto wa muuza nguo karibu na msikiti, mwenye miaka kumi na sita, ambaye wenzake walimfuata bila yeye kupaza sauti. Meneja wetu wa wakati huo, Bwana Kiplimo, hakulala vizuri.

"Selina, nikipoteza kamera nitaieleza bodi," alimwambia. "Nikipoteza mtoto wa mtu, nitamweleza nani?"

Likizo ya Agosti 1988 tulipiga kambi katika shule ya bweni karibu na Kamukuywa, katikati ya miji hiyo miwili. Sote tulidhani vijana wa Kitale wangekuwa kundi la Reli na wa Bungoma wangekuwa Soko. Bi. Chelangat alisimama mbele yao akasoma majina. Alikuwa amewachanganya. Kila kundi lilikuwa nusu Kitale, nusu Bungoma. Kimeli angekuwa Wanjala wa kundi la Reli, na rafiki yake wa kufa na kuzikana angekuwa Abdi.

"Ati huyu ndio ndugu yangu?" Kimeli aliuliza. "Si afadhali nikae na fisi, bana."

Kijana mmoja wa Bungoma aitwaye Kundu alinyoosha mkono. "Madam, mimi siwezi kurara chumba moja na hawa watu. Asubuhi utakuta tumemarizwa."

Vijana wa Kitale wakaangua kicheko, wakiyaiga matamshi yake. "Tumemarizwa!" Wa Bungoma wakasimama. Nami nilianza kukusanya nyaya zangu.

"Kundu, wewe utalala karibu na mlango," Bi. Chelangat alisema. "Ukiona hatari, utakuwa wa kwanza kukimbia."

Kundu mwenyewe akacheka, na usiku huo ukapita.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Vijana walisema maneno ya urafiki huku wametazamana kama mbwa wawili penye mfupa. Nadhani kilichowalegeza ni kazi yenyewe. Kulikuwa na tukio ambalo Abdi anambeba Kimeli mgongoni kuvuka kijito. Kamera ilikataa, tukarudia. Jua likajificha, tukarudia. Abdi akateleza, wote wawili wakaloa, tukarudia tena. Kufikia alasiri Kimeli alikuwa akimwongoza huku amemshika shingo: "Kushoto kuna jiwe, chunga. Hapo sawa. Pole pole." Hayakuwa maneno ya mswada. Bi. Chelangat aliyaacha yabaki.

Wiki ya tatu, mchana, tukiwa tumejipanga kupiga vita vikubwa vya mwisho kwa marungu ya mpira, Kipsang aliingia uwanjani. Alikuja na vijana watatu wa Kitale, akichechemea, na rungu alilokuwa nalo halikuwa la mpira.

"Niaje," alitusalimu, kama mgeni wa kawaida. Kisha akasema, "Nataka mtu wa Bungoma aniambie nani alirusha hiyo jiwe."

Kimeli alitoka kwenye mstari. "Wachana nayo. Tuko kazi hapa."

"Kazi? Si ni wewe ulituma watu waniambie hawa wa Bungoma wako hapa?"

Vijana wa Bungoma walimgeukia Kimeli. Niliona wengine wakiinama kuokota mawe. Bwana Kiplimo hakuwepo, lakini swali lake lilikuwepo. Naamini kila mfanyakazi pale alilisikia.

Bi. Chelangat alikiinua kiti chake, kile cha kukunja alichokalia nyuma ya kamera, akakibeba hadi katikati ya uwanja.

"Kipsang, mimi ni Chelangat wa Endebess, mama yako ananijua," alisema. "Rungu yako shika, sitakunyang'anya. Lakini keti kwanza. Huo mguu umetembea mbali."

Kipsang alitaka kukataa. Goti lilikubali kwa niaba yake, akaketi.

Hapo ndipo Abdi aliposema, "Ni mimi."

Hakuna aliyejua. Wenzake wa Bungoma walishtuka kuliko sisi.

"Nilikuwa na miaka kumi na tatu," aliendelea. "Watu walikuwa wanakimbia kuja upande wetu. Nikaokota jiwe, nikarusha. Nilidhani mtarudi nyuma. Halafu nikaona hauamki."

"Mbona hukusema?"

"Kila siku nilikuwa nasema kesho."

Kipsang alimgeukia. "Miaka tatu natafuta mtu mwenye alinilenga," alisema.

"Sikulenga. Nilifunga macho."

Kijana mwenye rungu angeweza kufanya lolote wakati ule. Kipsang aliligeuza rungu mkononi, akalitazama kama kitu alichoazimwa, kisha akaliweka chini ya kiti. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mko na chai?" akauliza.

Pumzi za watu zikatoka kwa pamoja. Mimi nilizisikia ndani ya vipokea sauti vyangu vya masikioni, kwa sababu mashine ilikuwa imewashwa na nilikuwa nimesahau kuizima. Mawe yalidondoka moja moja. Mpishi alikimbia kuwasha moto, akamwaga sufuria nzima ya maziwa, na hakuna aliyemlaumu.

Jioni hiyo, nilipokuwa nikikunja nyaya, niliwasikia Abdi na Kimeli kando ya ukuta.

"Ulimwita aje kunipiga," Abdi alisema.

"Hiyo ni wiki ya kwanza."

"Na wiki hii?"

"Wiki hii nilikuwa naomba asikuje."

Waliingia kula pamoja.

Asubuhi Bi. Chelangat aliniuliza kama mkanda wa jana ulinasa yale mazungumzo. Nikasema ndiyo, vizuri sana. "Futa," aliniambia. "Ile haikuwa filamu. Walikuwa wanazungumza wao." Nikafuta mbele yake. Mwongozaji mwingine angeupigia magoti mkanda ule.

Kisha akaenda kwa Mwalimu Zachary. Nilitarajia ugomvi, maana aliamua kumwambia moja kwa moja kwamba kifo cha Wanjala hakiwezi tena kuwa mwisho.

Mwalimu alikuwa ameketi na kikombe cha uji. "Mimi nilimuua Wanjala kwa sababu sikujua angesema nini kama angebaki," alijibu. "Ningemsikia huyu kijana wa Bungoma mapema, Wanjala angeishi."

Waliandika mwisho mpya pamoja, chini ya dirisha la darasa, wakibishana kama ndugu. Ndani yake Wanjala anapona, anakua, na miaka mingi baadaye anarudi mjini akiwa mlemavu kumtafuta aliyerusha jiwe. Kipsang na Abdi waliombwa ruhusa kwanza. Abdi aliridhia, ila maneno yake yasemwe na mtu mwingine. Kipsang alikubali kuwa Wanjala mtu mzima. "Lakini hiyo ya kuchechemea hamtanifundisha," alisema, na kwa mara ya kwanza tukacheka naye.

Maneno ya Abdi yalisemwa na Kundu. "Sikurenga. Nirifunga macho." Vijana wa Kitale walikuwepo wote. Hakuna aliyecheka, na Bi. Chelangat hakumwambia arudie.

Sitaeleza kwa kirefu jinsi mikanda ilivyopelekwa ng'ambo kusafishwa, wala majuma ambayo mama huyu alikuwa akiuliza kila asubuhi kama kuna simu. Jibu lilipofika kwamba picha zote ni safi, alivua viatu akacheza ukumbini, na mhasibu akaacha hesabu zake akacheza naye.

Filamu ilionyeshwa Bungoma mwezi wa Aprili 1990, ukumbi ukiwa umejaa watu wa miji yote miwili. Askari walisimama nyuma. Sisi tulisimama nyuma ya askari. Taa zilipowashwa, mama yake Kipsang akainuka, akapita katikati ya viti hadi kwa baba yake Abdi, akamsalimu kwa mikono miwili. Baada ya hapo watu wakaanza kutoka. Walitoka wakizungumza, wakitafutana, wakiulizana nani anarudi na nani. Askari walikwenda kunywa soda.

Bi. Chelangat alikaa kwenye ngazi za nje. "Wamefika wote nyumbani?" aliniuliza. Nikamwambia wengine bado wako hapa hapa, wanapiga soga. Akaegemea ukuta, akafumba macho, akatabasamu. Sijawahi kumwona mtu aliyetua mzigo hivyo.

Kimeli ni mpiga picha wetu hadi leo. Abdi anaendesha duka la babake, na Kipsang ni kocha wa vijana hapa Kitale. Msimu uliopita aliwapeleka Bungoma kucheza, wakafungwa, wakarudi wakiimba. Kitabu cha Mwalimu Zachary kimechapishwa tena bila kubadilishwa. "Kitabu ni cha wakati ule," anasema. "Filamu ni ya baadaye." Bi. Chelangat mwenyewe, tangu hapo, ameongoza kazi nyingine nyingi na kufundisha waongozaji chipukizi ambao wengi wao sasa ni wakali kuliko yeye, na analalamika kwamba hakuwafunza hivyo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mlimani, nasema asante, Mama. Asante kwa kutuheshimu hata ulipotugombeza, na kwa kuwarudisha salama watoto wote uliokabidhiwa. Tunajua Endebess wanakusubiri, na kwamba ekari zako za mahindi zimesubiri zaidi. Kwa miaka ishirini na sita umekuwa ukiamka, ukifungua dirisha na kuyatazama mawingu kwa hofu, maana wingu moja lingeharibu kazi ya siku nzima. Sasa uyatazame kama mkulima. Ishi kwa afya na furaha, na mvua inyeshe.