Shauri la Kikombe, na Nyumba ya Gungu

"Shauri la Mkimbizi Kumnywesha Mtumishi wa Serikali Makombo kwa Makusudi." Ndivyo bwana mkubwa wa kambi alivyoliita, wanangu, na alikuwa na shahada mbili. Kaeni. Feliksi, weka hiyo simu. Anayekata roho ni mimi, si chaji yako.

Nilikuwa mkalimani pale kambini. Huyu Leonia, wakati huo bado binti, mkimbizi kutoka Burundi, alimletea bwana yule pombe ya ndizi kumshukuru, akaonja kwanza ndipo akampa, kama Warundi na Waha wafanyavyo, ili mgeni ajue hamna sumu. Bwana akasema ametukanwa, na binti ahamishiwe kambi nyingine, mbali na mama yake mgonjwa. Nikamweleza. Akanijibu, "Mama, mimi nafuata sheria, sifuati mila." Nikamwuliza, "Na mama yako alipokulisha uji, hakuuonja?" Akalifuta shauri, ila kwa kikao cha asubuhi nzima, maana ujinga nao una utaratibu wake.

Mdogo wenu Anatoli, Mungu amrehemu, alimwoa binti huyo na kujifunza lugha yake. Ninyi je? Watoto wa Wabembe, mmekulia Katubuka, hapa hapa Kigoma, mkajifanya hamjui ila Kiswahili na Kiingereza cha kuombea kazi. Kibembe cha baba yenu mkakiita kelele za ziwani, Kiha lugha ya wauza mihogo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ninyi hamsikii hata la jirani, na miguu bado mnayo, ya kukimbilia urithi. Tangu tumzike Anatoli mnamwita Leonia "wa kuja". Wa kuja! Babu yenu alivuka kutoka Kongo kwa mtumbwi, au alishushwa na malaika? Mgeni njoo, mwenyeji apone: mimi siponi, lakini ndiye anayenigeuza kitandani.

Maji... Asante, mwanangu Leonia.

Bonaventura, mtumbwi na nyavu ni vyako. Na Mha akikusalimu, ngoja amalize. Feliksi, shamba la Kidahwe. Nizikeni kando ya baba yenu, pasipo hotuba. Mungu awape masikio... midomo alishawapa.

Nyumba yetu ya mtaa wa Gungu... msiigombanie. Juzi Mzee Yakobo, mwenyekiti wa mtaa, alikuja na wazee wenzake. Tuliongea Kiha. Mlikuwa mmekaa hapa hapa, mnawacheka wanavyopiga makofi wakisalimia. Nikaitoa nyumba mbele yao... mbele yenu.

Nilimpa Leonia.