Mama Limi na Shingo ya Januari

Leo, tarehe 30 Juni 2025, muuguzi Asteria Ndaki, Mama Limi, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika kliniki ya afya ya akili, Geita. Naandika kutoka Tanga, mwaka wa kumi na tisa tangu nihame. Nilikuwa mtoa dawa katika kliniki yake.

Wagonjwa wake wengi walikuwa wachimbaji waliotafuna mirungi ili wakeshe ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Aliwaeleza kwamba mirungi humwaga ubongoni dopamini, kemikali ya msisimko na raha, nayo ikizidi kwenye vipokezi vyake, mtu husikia wasiokuwepo wakimwita. Haloperidoli, dawa ya kutuliza wazimu, huwahi vipokezi hivyo na kuvikalia.

Januari, mchimbaji wa Masumbwe, alipochomwa dawa hiyo, sauti zilinyamaza. Kesho yake shingo ikapinda, macho yakakwama juu. Ni madhara yanayojulikana, lakini hakuna aliyemwonya mama yake, Nyamizi. Akaona mwanawe karogwa, akamkimbiza kwa mganga Nkwabi.

Mama Limi alimfuata kwa lori la mpunga. Hakubishana. Alimwamkia mganga, akaomba ruhusa ya kumchoma Januari sindano ya kulegeza misuli huku mzee akiendelea na kazi yake. Shingo ikanyooka.

“Umeiona dawa yangu?” mganga akajisifu.

“Nimeiona, baba. Sasa mwambie ameze na hivi vidonge. Wewe anakusikia.”

Tangu hapo hakuna aliyechomwa kabla ndugu zake hawajaelezwa habari ya shingo.

Ningependa kuishia hapo. Januari alikaa miaka miwili bila sauti, kisha akaja kulalamika: “Mama Limi, hata nikiona dhahabu moyo haushtuki. Mtoto wangu akicheka naona mdomo tu.” Dawa ilikuwa imezima wazimu, na furaha pia. Mama Limi akampunguzia kidogo kidogo, kwa utaratibu. Januari akacheka msimu mmoja. Halafu akarudia mirungi, sauti zikamwita, akashuka kwenye duara lililojaa maji.

Mama Limi alikaa na Nyamizi hadi matanga yakaisha, kisha akarudi kliniki. Kuanzia siku hiyo, kabla ya kuuliza habari za sauti, alimuuliza kila mgonjwa nini kimemfurahisha wiki hiyo. Wengine walihitaji muda kukumbuka. Aliwasubiri.

Ahsante, Mama Limi. Ustaafu wako uwe mwema, na wajukuu wakuchekeshe.

Umenialika kwenye sherehe. Kwetu huko Geita sasa ni shimo la mgodi, na waliokuwa wakinipokea wamekwisha. Sitarudi.