Kitufe Chekundu Kinatuma Kumi na Moja

Kijiwe chetu hapa Nachingwea kinatazamana na kiwanda kidogo cha korosho: benchi moja, mguu mmoja ni wake, mwingine tofali. Asubuhi hiyo Selestini, fundi tunayemwita Fyuzi kwa jinsi anavyoungua haraka, alikuwa amepakata kompyuta kama mgonjwa. Ametengeneza kioo cha kugusa cha kuendesha pipa la mvuke, lile linalopika korosho kabla ya kubanguliwa. Saa nne mwenye kiwanda anakuja kukipokea. Shida ni moja: ukigusa WASHA, mvuke unakuja. Ukigusa ZIMA, unakuja vilevile. Na mvuke usipozimwa, anayefungua mlango wa pipa anaungua.

— Mashine imetoka nje, akasema Nurdini, muuza kahawa, huku akimimina. Kiswahili itakijulia wapi? Iandikie lugha ya kwao.

— Hata ya kwao haisomi, Fyuzi akajibu. Maandishi ni ya kwako wewe. Yenyewe inapokea namba tu. Kila kitufe nimekipa namba. Ukikigusa, namba inakwenda.

— Hapo hapo! Gabrieli akadakia. Huyu anaziba pancha, lakini kijiweni cheo chake ni Mhandisi Mkuu. Namba umezigawa bila kuangalia umri. Kuwasha kulitangulia, kuzima ni mdogo mtu. Mdogo atamnyamazisha vipi kaka yake?

— Kwa hiyo?

— ZIMA ipe elfu moja. Ishtuke!

Nami nikaona nisipitwe.

— Mimi naona imesusa. Tangu juzi unaipapasa uso bila hata salamu.

— Usicheke, akasema Gabrieli. Ruangwa kuna mashine ya kusaga ilitukanwa, ikagoma wiki nzima mpaka ikaombwa radhi.

— Ilijibu nini?

— Ilinguruma. Kimwera safi.

Tulicheka mpaka tofali likahama. Fyuzi hakucheka. Alikuwa amesogeza pua kwenye kompyuta.

— Ngojeni. Jana nilichoka. ZIMA sikuichora upya, niliinakili kutoka WASHA. Nikabadili jina, nikaipaka nyekundu... namba nikaisahau. Vyote viwili vinatuma kumi na moja!

— Yaani umembatiza mtoto, kisha ukampa kadi ya kliniki ya kaka yake! akasema Gabrieli.

— Ndiyo hivyo, Mhandisi.

Akaandika kumi na mbili, akakimbilia kiwandani. Tukasikia mvuke ukilia, kisha kimya. Akarudi anatembea kama bwana harusi. Nurdini akamwongeza kikombe cha bure, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Ndipo akaja Mama Kornelia na chupa yake, kuchukua kahawa ya wenzake wa zamu. Mlango wa pipa anaufungua yeye, miaka tisa sasa.

— Mama, kimepona! akasema Fyuzi. Ukigusa chekundu kinawaka. Kikiwaka, mvuke umezimwa, fungua.

Kornelia akaiweka chupa chini taratibu.

— Mwanangu, mimi nikitaka kufungua nagonga bomba mara mbili. Twalha, kule kwenye moto, anafunga koki, halafu anagonga mara moja. Asipogonga, sifungui. Sasa hicho chekundu kinachowaka, ni pipa limenijibu, au ni kidole changu tu kimegusa?

Nurdini akafuta kikombe kilichokwisha kufutwa. Mhandisi Mkuu akakagua ndala yake, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto.

Honi ikapigwa getini. Saa nne.

— Bosi anakuita, nikamwambia Fyuzi.

Fyuzi hakuinuka. Kornelia akagonga benchi kwa kidole, mara mbili, akamtazama, akasubiri.

Fyuzi hakugonga. Akaifungua upya kompyuta.

— Nurdini, akasema, nenda kamwambie bosi bado.