Sauti Mbili za Mama Linah: Jenipher Nanzala Wabuge, 1964–2024

Jenipher Nanzala Wabuge, ambaye wengi tulimjua kama Mama Linah, Mungu alimleta duniani tarehe 9 Mei 1964 huko Chepsaita. Miaka miwili baadaye akafuatwa na dada yake Hulda. Tangu hapo walishindania kila kitu, hata nani atakaa karibu na mama yao kanisani.

Alisoma hapo nyumbani hadi darasa la saba, mwaka 1979. Alikuwa hodari wa kuiga watu. Siku moja alimwiga mwalimu nyuma ya mgongo wake. Aliyechapwa ni Hulda, kwa sababu ndiye alicheka.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa ya kanisa na Mzee Elphas Wabuge, fundi wa mawe. Walikaa Langas, na Mungu akawabariki na Linah na Tyson.

Aliuza mboga sokoni miaka thelathini. "Sukuma ya leo hii! Ya jana tulikula wenyewe!" Sauti hiyo ndiyo ilimfanya Diana Jepkemboi, anayetengeneza katuni za kuchekesha za televisheni, amwite aigize. Mwezi wa sita mwaka huu walirekodi hadithi ya sehemu mbili, ya dada wawili wanaogombania nani atamkaribisha mama yao Krismasi. Dada wote wawili ni yeye aliwasemea.

Sehemu ya kwanza ilionyeshwa Jumapili, tarehe 4 Agosti. Yule dada mdogo wa katuni aliongea kama Hulda kabisa: "Mimi sisemi kitu, lakini..." halafu anasema mpaka chai inapoa. Kesho yake sokoni wakamsalimia Hulda, "Mama, leo pia husemi kitu?" Hulda akazima simu. Linah alipotumwa kwake, alijibiwa mlangoni: "Mwambie mama yako amenianika mbele ya Kenya nzima. Kwake sikanyagi."

Tarehe 7 marehemu alilazwa, moyo umechoka. Kila aliyeingia wodini aliulizwa naye, "Hulda amekuja? Mwambieni angoje ya pili. Haijaisha." Sehemu ya pili ilikuwa Jumapili, tarehe 18. Alihesabu siku kwa vidole, akiogopa kwamba hatafika, na akiogopa zaidi kwamba Hulda hataangalia. Alituacha Alhamisi tarehe 15, saa nne asubuhi, Mzee Elphas akiwa amemshika mkono.

Jumapili hiyo sebule ilijaa waombolezaji. Hulda alikuwa amekaa chini, karibu na mlango. Katuni ikaanza. Dada mkubwa alibeba sufuria yake ya wali mpaka kwa geti la mdogo wake, akabisha, akasema kwa sauti ya Nanzala mwenyewe: "Mdogo wangu, leo ni mimi sisemi kitu. Nimekuja tu."

Hulda alicheka kwanza, kama kule shuleni. Halafu akalia.

Mama Linah ameacha mume wake Mzee Elphas, watoto wake Linah na Tyson, wajukuu wanne, na dada yake Hulda, ambaye ndiye anasoma maneno haya. Hasemi kitu. Amekuja tu.

Bwana akupumzishe kwa amani, dada.