Meza Inayotazama Ukuta

Mbele ya duka la Mama Geum la kuchonga funguo na mihuri, hapa Suwon, pana benchi moja la mbao na viti viwili vya plastiki visivyolingana urefu. Kila asubuhi, watoto wakishaingia shule ya jirani, yeye hutuchemshia maji, nasi huchana pakiti zetu za kahawa, tukaimimina kwenye vikombe vya karatasi na kuikoroga kwa pakiti hizo hizo tupu. Jumatano hiyo Meneja Tak alikoroga mpaka pakiti ikalegea, wala hakunywa. Alistaafu katika kiwanda cha matairi miaka tisa iliyopita, lakini cheo chake hakikustaafu. Hata marehemu mkewe alimwita Meneja mbele za watu. Siku iliyotangulia alikuwa amepanda basi hadi Seoul, kwenye kampuni anakofanya kazi binti yake Hae-won, akiwa na sanduku la peari lililofungwa kwa kitambaa cha heshima, akamwinamia mkubwa wa binti na kumwomba asimfukuze. Alfajiri binti alimwandikia kwa simu: “Baba, umeniaibisha mbele ya wenzangu wote. Jumamosi sitakuja.” Jumamosi ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mama yake.

— Nisaidieni jamani, alisema Meneja. Nataka kumwomba radhi, ila sijui hasa nimekosa nini. Nimeona mwanangu anasukumwa nje, nikaenda kumtetea. Baba gani angekaa?

— Hebu rudia, alisema Bok, tunayemwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kumzima. Hae-won alikuwa na kazi gani, akapewa kazi gani?

— Alikuwa mchambuzi wa data. Anaingia vikao na wakurugenzi, anawaeleza kwa nini viatu vya watoto vimenunuliwa sana Busan na vimelala dukani Daegu. Sasa eti ni mhandisi wa data. Kikao haingii. Haonekani. Na meza wameigeuza ukutani, picha amenitumia mwenyewe!

Katika viwanda vya enzi zetu, mtu hakufukuzwa kwa barua. Alifika asubuhi akakuta meza yake inatazama ukuta, juu yake hakuna faili wala simu, akakaa hivyo mpaka mwenyewe aandike kwamba anaacha kazi. Sote pale tulimjua mtu aliyekalishwa namna hiyo. Kwa hiyo wiki mbili kabla, Meneja alipotuonyesha picha aliyotumiwa na binti, ya meza iliyoegemea ukuta mweupe, mimi ndiye niliyetangulia kusema: “Wamemgeuza.” Wengine waliitikia kwa vichwa tu. Laiti ningeyameza maneno yale pamoja na kahawa yangu.

— Meneja, usijidanganye, alisema Redio. Mchambuzi ni mtu mkubwa. Mhandisi wa data ni mbeba mizigo. Takwimu zinashushwa kutoka madukani, yeye anazipanga stoo. Basi.

— Mbeba mizigo wa wapi anayepewa kompyuta mbili? aliuliza Jaji, tunayemwita hivyo ingawa hakuwahi kuhukumu mtu. Alitoa ushahidi mara moja tu, katika kesi ya baiskeli. Mimi nasema ni mpelelezi, aliongeza. Wamempa ukuta ili mtu asichungulie anamchunguza nani.

— Anachunguza viatu? aliuliza Redio.

— Anawachunguza wanaovivaa! Unadhani hawajui kwamba wewe kisigino cha kushoto kinaisha kwanza?

— Loo! Kumbe ndiyo maana waliniletea lile tangazo la viatu!

— Tangazo si la mhandisi, Redio. La mwanasayansi wa data. Huyo anajua utanunua nini kabla mkeo hajajua.

— Basi ni mpiga ramli mwenye mshahara.

— Na likizo juu! Halafu kuna yule wa dashibodi, anayewachorea wakubwa ile michoro ya asubuhi. Mstari ukipanda anaupaka wekundu, ukishuka buluu. Mkubwa akiona wekundu, jioni anawanunulia wote nyama.

— Na ukiwa buluu?

— Ndipo wanamwendea mhandisi ukutani. Nakwambia ukuta ule una mlango. Nyuma yake ndiko takwimu zinakoishi, na Hae-won ndiye mlinzi.

— Jaji, kunywa kahawa yako, alisema Meneja kwa sauti ndogo. Mwanangu si mlinzi.

Mama Geum alizima mashine ya kuchongea funguo.

— Nyie wazee, mmewahi kutengeneza kimchi, hiyo kabichi yetu ya kuchachusha, hata siku moja? Mwaka mzima mnamsifu anayepakaza pilipili. Anayeosha kabichi na kupima chumvi hamumjui hata jina, na chumvi ikikosewa mtungi mzima unaoza. Huyo ndiye mhandisi wenu. Mchambuzi anaonja, anawaambia kwa nini ya mwaka jana ilikuwa tamu zaidi. Wa dashibodi anapakua ili kila mtu aone. Wa kutabiri anawaambia mwakani itatakiwa mitungi mingapi.

— Umeyajulia wapi hayo? aliuliza Redio, kama mtu aliyeibiwa.

— Kwa Hae-won. Alikaa hapo hapo kwenye benchi, majira ya kuchipua, nikimchongea muhuri. Alisema amechoka kuwasomea wakubwa takwimu zilizojaa makosa. Anataka kuzisafisha mwenyewe, kuanzia zinakotoka. Kazi hiyo aliiomba.

— Na mimi nilikuwa wapi? aliuliza Meneja.

— Pembeni yake. Ulikuwa unatuhadithia matairi.

Msichana mmoja, mgeni kwetu, alikuwa amesimama mlangoni akingoja ufunguo wake. Aliinamisha kichwa kidogo kwa adabu.

— Samahanini, babu zangu. Mtu anayesukumwa nje, kwa nini aipige picha meza yake na kumtumia baba yake?

Meneja alitoa simu akaikuza picha kwa vidole viwili, nami kwa mara ya kwanza niliyatazama makubadhi mapya ya ofisini yaliyopangwa chini ya meza. Mtu hununua makubadhi kama hayo akikusudia kukaa.

— Ulimjibuje, babu? aliuliza msichana.

— Nilimwandikia avumilie, alisema Meneja. Nikamwambia nitakuja.

Msichana alipokea ufunguo wake, akainama tena, akaondoka. Meneja aliandika kwa kidole kimoja, akafuta, akaandika. Mwishowe alinipa nisome: “Hae-won, sikuwahi kukuuliza kazi yako. Niambie, nitasikiliza.” Nikamrudishia simu bila kuongeza neno, wakati huu nilijua kunyamaza. Akatuma.

Pembeni ya ujumbe ilitokea tarakimu moja ndogo ya manjano, ile inayobaki mpaka mwenzako aufungue. Tuliitazama sote wanne, vichwa vikikaribiana. Ilikaa muda mrefu. Kisha ikatoweka.

— Amesoma, alisema Jaji.

Tukangoja. Mama Geum alituambia maji yamekwisha, na hakuna aliyeomba mengine. Saa saba watoto wa madarasa ya chini walitoka shule, wakapita mbele yetu na kelele zao, na Meneja alikuwa bado ameishika simu kwa mikono miwili, kama mtu apokeavyo kadi ya jina ya mgeni wa heshima, na jibu la binti lilikuwa halijafika.